Mti kwenye tangi la kaa unaota ukungu kila mara: dawa si kukausha

Swali limetoka kwa mama aliye Maryland, Marekani:

"Mtaalamu, habari za kazi. Kiangazi kilichopita wanangu walirudi kutoka Ocean City na kaa watatu, wale wanaokaa ndani ya makome. Nimewanunulia tangi la kioo la galoni 29, nikaweka mchanga uliochanganywa na makumbi ya nazi, bakuli la maji matamu, bakuli la maji ya chumvi na vipande viwili vya mti vya kupandia: shina la mzabibu, na kigogo chenye matundumatundu. Tangu Novemba vyote viwili vinaota manyoya meupe, na sasa kuna madoa ya kijani. Nimevichemsha mara mbili, lakini siku kumi hazipiti ukungu unarudi. Jirani akaniambia niache mfuniko wazi pakauke. Nimeacha wiki nzima, ukungu umepungua, ila kaa mmoja amelegea na mwingine amejifukia mchangani, hii wiki ya tatu. Nitoe mti wote? Nibadilishe mchanga? Au nipulize dawa gani?"

Salaam, dada. Kafunike tangi kwanza, kisha urudi tuendelee.

Kaa hawa wanatembea nchi kavu lakini hawana mapafu kama yetu. Wanapumua kwa mashavu, yaani matamvua, yaliyobadilika kidogo kutoka yale ya kaa wa baharini, na mashavu hayo hufanya kazi yakiwa na unyevu tu. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 70 yanaanza kukauka, na kaa anakosa pumzi polepole, kwa siku na wiki. Analegea, anatoka nje ya kome kuliko kawaida yake, miguu inaning'inia. Wanachohitaji ni unyevu wa asilimia 75 hadi 85 na joto la nyuzi 24 hadi 29 za Selsiasi, yaani 75 hadi 85 za Farenhaiti kwa vipimajoto vya huko uliko. Nyumba inayopashwa joto wakati wa baridi huwa na hewa kavu sana, na tangi lililo wazi hufuata hewa ya chumba. Kwa hiyo huyo aliyelegea, dalili zake zinaelekea kwenye ukavu zaidi kuliko kwenye ukungu. Jirani yako alisema kweli kuhusu ukungu; kuhusu kaa amekupoteza.

Ugumu wa jambo lenyewe uko hapo: hewa anayoihitaji kaa ndiyo hiyohiyo inayopendwa na ukungu. Ukiamua kuukausha ukungu, kaa atatangulia kufa, maana mbegu za ukungu zinaweza kulala kavu miezi mingi zikingoja unyevu urudi. Basi hewa tuiache kama ilivyo. Tunachoweza kukiamua ni mti gani unaingia humo ndani, matone ya maji yanaangukia wapi, mabaki ya chakula yanalala siku ngapi, na nani anaula ukungu ukishaota.

Kazi ya leo usiku ni ndogo. Chukua mfuko wa plastiki, uuvike juu ya kila kipande cha mti kikiwa bado ndani ya tangi, kisha ukitoe kikiwa tayari ndani ya mfuko, ili mbegu za ukungu zisitimke humo. Vaa barakoa, hasa kama kuna mwenye pumu nyumbani. Pale mti ulipokuwa umelala, kwangua mchanga wa juu sentimita 2 kwa kijiko na uutupe. Usiende chini ya hapo. Aliyejifukia yaelekea yuko kwenye kujivua gamba: anaacha gamba zima la zamani, anabaki mwili laini kama utando, kisha analila lile gamba apate madini ya kujengea jipya. Kaa mdogo huchukua wiki nne hadi nane chini, mkubwa miezi miwili au mitatu. Ukimfukua katikati ya shughuli hiyo unaweza kumuua kwa kumgusa tu. Hivyo swali lako la kubadilisha mchanga jibu lake ni hapana, kwa miezi kadhaa.

Kuna jambo moja tu linaloweza kulibadili jibu hilo. Inama unuse mchanga, kisha mulika tochi chini ya tangi kwa nje. Ukisikia harufu ya yai bovu, au ukiona maji yamesimama kwenye sakafu ya kioo, mchanga umefurika maji, na bakteria wasiohitaji hewa wameanza kazi. Hilo si ukungu, na ni baya zaidi yake. Maji yakiwa machache, penyeza mrija mwembamba kwenye kona iliyo mbali na alipojifukia kaa, uyavute kwa bomba la sindano. Mchanga ukiwa na harufu ya udongo wa shambani baada ya mvua, uache ulivyo.

Sasa tuangalie kwa nini ukungu unarudi, na kwa nini ulianza Novemba na si Julai. Mti mkavu ukikaa muda mrefu kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, hunyonya maji mpaka yafikie kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu, kisha hutulia hapo. Kwa ukungu hicho ni kizingiti: unaweza kuota, lakini kwa shida. Ukungu unaoozesha mti wenyewe unahitaji karibu asilimia 30. Kinachouvusha mti kizingiti hicho si hewa, ni maji ya matone. Kwenye tangi matone hutoka kwenye chupa ya kupulizia, kwenye kioo chenye jasho, na kwenye mchanga mbichi unaopandisha maji ndani ya mti kama utambi wa taa.

Jasho la kioo ndilo lililokuletea ukungu wa Novemba. Hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kudondosha maji inapokutana na kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 23 hivi. Kiangazi chumba chako kina nyuzi 25 au 26, kioo kinabaki kikavu. Majira ya baridi, usiku chumba kinashuka hadi 18, kioo kinapoa, maji yanatiririka ukutani, na mfuniko unadondosha tonetone juu ya gogo lililo chini yake usiku kucha. Mtu akiamka asubuhi anakuta gogo limelowa anadhani ni unyevu wa hewa, anafungua mfuniko.

Dawa yake ni kukipasha kioo, si kukausha hewa. Bandika mkeka wa joto kwa nje kwenye ukuta wa nyuma, juu ya usawa wa mchanga, uwe mpana karibu kama tangi lenyewe na uwe na kidhibiti joto. Usiuweke chini ya tangi hata kama kijitabu cha dukani kinaonyesha hivyo: utawachoma waliojifukia na kuukausha mchanga kuanzia chini. Kisha vika mgongo wa tangi na pande zote mbili kwa ubao wa foamu unene wa sentimita 2, juu ya mkeka huohuo, ukiacha upande wa mbele wa kutazamia. Funika mfuniko pia usiku kwa taulo lililokunjwa. Kwa hayo tu jasho hupungua sana. Linalobaki litakuwa kioo cha mbele, na huko hakuna mti.

Chupa ya kupulizia iweke kabatini. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote: kipimaunyevu kinasoma 68, mtu anapuliza maji kila kitu kilicho ndani, kinapanda hadi 90 kwa saa mbili kisha kinaanguka tena, na mti ndio unaobaki umelowa. Unyevu wa tangi unatakiwa utoke kwenye mchanga na kwenye mabakuli. Ukipungua, mimina kikombe cha maji ya uvuguvugu yaliyoondolewa klorini polepole kwenye kona ya mchanga. Au weka pampu ndogo ya hewa ya samaki na jiwe la mapovu katika kila bakuli. Mapovu yanatoa mvuke bila matone, na yanaitembeza hewa kidogo, jambo ambalo ukungu haulipendi. Hakikisha tu bakuli lina ngazi ya kutokea. Pampu ikikupandishia unyevu kupita 85, iwashe kwa saa chache tu mchana.

Na kabla hujaiamini hata namba moja, jaribu kipimaunyevu chako. Jaza kifuniko cha chupa ya soda kwa chumvi ya mezani, dondoshea maji hadi iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kiweke pamoja na kipimaunyevu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uache saa 12 katika joto la chumba. Hewa ya ndani itakuwa asilimia 75. Kipimo kikisoma 69, ujue kinapunguza 6, uandike kwenye kipande cha karatasi ukibandike kwenye tangi. Vile vya mshale vinavyouzwa pamoja na tangi mara nyingi havifai kitu.

Upande wa mti wenyewe, bahati mbaya umepata viwili vibaya kuliko vyote. Shina la mzabibu huuzwa kwenye maduka ya wanyama kwa ajili ya mijusi wa jangwani, ambako hewa ni kavu, na huko halina tatizo. Kwenye unyevu wa kaa huota manyoya ndani ya wiki, kwa sababu ni mti laini, una maganda yenye nyufa na una sukari nyingi. Kuuchemsha kunaua ukungu uliopo lakini hakuimalizi sukari iliyo ndani, na mbegu mpya zinaelea kwenye hewa ya kila nyumba duniani. Kile chenye matundumatundu bila shaka ni choya, mifupa ya mmea wa jamii ya dungusi kakati wa majangwa ya Amerika. Kaa wanakipenda na wanakitafuna, lakini kina mashimo yanayoshika maji na mabaki ya chakula. Choya tunaihesabu kama chakula, si fanicha: weka kipande kifupi cha sentimita 10, kikichakaa tupa weka kingine.

Mti wa kudumu kwenye tangi la aina yako ni gome la koki, lile la mwaloni wa nchi za Mediterania linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Lina nta ya asili inayokataa maji, ndiyo maana kizibo hakiozi. Ni jepesi, likianguka haliumizi, na kaa wanaling'ang'ania vizuri. Kwa tangi la galoni 29, yaani lita 110 hivi, bamba moja la sentimita 30 kwa 20 na bomba moja la gome linalotosha kome kubwa kupita vinatosha. La pili kwa ubora ni mopane wa kusini mwa Afrika: zito, gumu, lina mafuta kidogo na linatoa rangi kama ya chai kali. Uzito wake ndio hatari yake, na tutalirudia hilo. Mizizi ya azalea inayouzwa kwa jina la mti wa buibui huota utelezi mweupe wiki za mwanzo kisha hutulia. Si mbaya kwa mwenye subira.

Kuna miti isiyofaa kuingia kabisa. Misonobari, mierezi na mitarakwa ina mafuta makali yanayonukia, na harufu hiyo katika tangi lililofungwa inamwingia kaa mashavuni. Mikaratusi vivyo hivyo. Mwarobaini una viuawadudu vya asili, na kaa ni ndugu wa wadudu. Mnyaa na jamii yake wana utomvu unaochoma. Mwoleanda, ule wa maua ya waridi unaopandwa kandokando ya barabara, ni sumu kuanzia mzizi hadi ua. Mbao za ujenzi zilizotiwa dawa mara nyingi zina shaba, na zile za zamani za Marekani, kabla ya mwaka 2004, zilikuwa na aseniki pia. Shaba kidogo tu inaua jamii yote ya kaa na kamba.

Kwa wasomaji walioko Zanzibar, Lamu au Tanga wanaoona kipande cha ubao wa jahazi kuukuu ufukweni wakakitamani: pita nacho mbali. Kimepakwa sifa, yale mafuta ya papa, chini kilipakwa shahamu, na siku hizi rangi ya kuzuia viumbe wa baharini wasishike, ambayo mara nyingi ina shaba. Mti uliotupwa na bahari usio na rangi wala misumari hauna neno. Mikoko msikate; ni miti iliyohifadhiwa kisheria. Na kaa wenyewe waacheni ufukweni. Huko kwenu wanasafisha pwani bure na hawahitaji kipimaunyevu.

Kifuu cha nazi watu wengi hukiweka kama nyumba ya kujifichia, na ukungu wake una sababu moja tu: nyama iliyobaki baada ya mbuzi kupita. Kwaruza kwa kisu hadi uone kahawia tupu, piga msasa ndani, kisha chemsha dakika 20 uondoe mafuta. Kifuu kilichosafishwa hivyo hudumu miaka.

Maandalizi ya mti mpya yanafanyika kabla haujafika kwenye tangi. Usugue kwa brashi ngumu na maji matupu, bila sabuni, uondoe maganda yaliyolegea na kila sehemu iliyo laini. Ukucha ukizama, sehemu hiyo imeshaoza, ikate. Vipande vya mopane au mizizi vilivyo nene kama kifundo cha mkono vichemshe saa nzima, ukibadilisha maji mara mbili au tatu hadi yawe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Vyembamba, nusu saa. Choya dakika 20 basi, maana ukizidisha inalainika na kuwa chakula kizuri zaidi cha ukungu. Koki haichemshwi sana: mwagia maji yanayochemka pande zote mbili, igandamize kwa sahani isielee, iache dakika 10. Usitumie sufuria ya presha. Vipande vya mti huziba tundu la mvuke.

Baada ya hapo kausha kabisa. Juani siku tatu nne ukilipata jua. Maryland mwezi Januari utatumia oveni: nyuzi 110 za Selsiasi, yaani 230 za Farenhaiti, dakika 60 hadi 90, mlango ukiwa wazi kidogo na wewe ukiwa jikoni. Watu wengi huchemsha vizuri, kisha huurudisha mti ukiwa bado umelowa ndani. Maji yale yale waliyoyaingiza kwa kuchemsha ndiyo yanaulisha ukungu wiki inayofuata. Nadhani hilo ndilo lililokupata mara zote mbili.

Hatua inayofuata wengi hawaifanyi kwa kuona haraka, nayo ndiyo inayookoa kazi yote. Chukua boksi la plastiki lenye mfuniko, weka karatasi za jikoni zilizoloweshwa chini, weka mti juu yake, funga, weka mahali pa joto wiki mbili au tatu. Uache uote ukungu humo. Manyoya meupe yanayotokea yanakula sukari rahisi iliyo juu juu ya mti, na ikiisha yanakufa njaa. Kila baada ya siku nne tano yafute kwa brashi na maji ya moto. Mti ulioota mara mbili ndani ya boksi na mara ya tatu haukuota tena, uko tayari. Ambao bado unaota kijani baada ya wiki ya tatu, huo ni wa jikoni kwenye kuni.

Kuupanga ndani ya tangi kuna kanuni chache. Usiuzike kwenye mchanga hata sentimita moja. Usiuegemeze kioo, acha nafasi ya vidole viwili hewa ipite. Usiuweke chini ya mahali mfuniko unapodondosha. Bamba la koki litundike ukutani kwa vishikio vya kunyonya kioo na vibana vya plastiki vya nyaya. Ukitaka kugundisha, tumia silikoni ya tangi la samaki iliyo tupu. Ile ya bafuni imetiwa dawa ya kuua ukungu, ambayo kwa bafu ni sifa na kwa kaa ni sumu. Iache ikauke siku mbili hata ikiwa salama.

Kitu kizito kama mopane kisikae juu ya mchanga, kwa sababu kaa huchimba chini yake, kinazama, na kinamfunika aliye laini. Kijengee kiti: vipande vinne vya bomba la plastiki la maji la inchi moja, virefu kiasi cha kusimama kwenye sakafu ya kioo yenyewe na kutokeza juu ya mchanga sentimita 2, kisha kigae bapa juu, kisha gogo. Hiyo pia inakata utambi wa maji kutoka mchangani. Lakini usifanye kazi hiyo sasa. Subiri aliyejifukia atoke na wote watatu waonekane juu. Mpaka wakati huo koki ya ukutani na neti ya plastiki vitawatosha kupandia.

Mchanga wenyewe uwe mafungu matano ya mchanga wa kuchezea watoto kwa fungu moja la unga wa makumbi, kina kisipungue sentimita 15, unyevu wake wa kujengea kasri la mchanga: ukiukamata unashikana, ukiukamua hautoi tone. Makumbi mengi kupita hapo huota ukungu yenyewe, wakati mwingine hata vijiuyoga. Maji yote yanayoingia yawe yametiwa dawa ya kuondoa klorini. Kuyaacha wazi usiku mmoja hakutoshi kwa miji inayotumia kloramini, dawa nyingine ya kusafishia maji, maana hiyo hairuki. Bakuli la chumvi ni gramu 35 za chumvi ya bahari ya matangi ya samaki kwa lita, si chumvi ya kupikia.

Chakula nitakisema kwa ufupi, kwani unajua tayari. Kaa watatu wadogo wanatosheka na nusu kijiko cha chai cha chakula kikavu na kipande cha tunda cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kiwe kwenye kombe au kisahani, jioni, na asubuhi ya pili kitoke, hata kama hakijaguswa. Dagaa wasiotiwa chumvi ni chakula kizuri sana, ila ndio wanaoota ukungu haraka kuliko kitu chochote. Kaa ni wezi: huburuta vipande hadi ndani ya bomba la gome na kuvisahau. Mara moja kwa wiki mulika tochi kwenye kila tundu. Mti peke yake ni chakula duni kwa ukungu, hauna naitrojeni ya kutosha. Kipande kimoja cha samaki kilichonaswa kwenye ufa kinaugeuza kuwa karamu.

Sasa wala ukungu. Hili ndilo litakalokupumzisha. Kuna wadudu weupe wadogo kama punje ya chumvi wanaoruka ukiwagusa, kolembola, ambao chakula chao kikuu ni ukungu na uozo. Huko Marekani wanauzwa kwenye vikombe vyenye mkaa kwa ajili ya matangi ya vyura na mimea. Kikombe kimoja cha mililita 250 kinatosha tangi lako. Mimina nusu mchangani na nusu uizalishe: chupa yenye vipande vya mkaa wa kuni usiotiwa kemikali, maji sentimita moja chini, punje tano sita za mchele mbichi kila wiki, mfuniko ufunguliwe kidogo mara mbili kwa wiki. Baada ya mwezi una akiba isiyokwisha.

Waongezee aizopodi, vile vidudu vya kijivu mnavyovikuta chini ya mawe na majani mabichi, ambao kwa ukoo ni krasteshia kama kaa wenyewe. Chukua wale weupe wadogo wa kitropiki, 15 hadi 20. Usichukue aina kubwa zenye madoa meusi na meupe zinazosifiwa kwa ulafi. Kaa laini aliyejivua gamba si mtu wa kukaa karibu na walafi. Wote hawa wanahitaji majani makavu ya kujifichia, sentimita 2 hadi 3 kwenye kona moja. Ya mwaloni yanafaa. Ya mkungu, ule unaotutilia kivuli pwani nzima na kudondosha majani mekundu, yanafaa zaidi, na kwa sababu ya tanini zake huuzwa makavu kwa wafugaji wa samaki. Nunua huko huko. Usimwambie shangazi akuletee kwenye begi, forodha ya Marekani inataka kila kitu cha mmea kitangazwe. Kolembola huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka kiasi cha kuonekana kazi yao. Baada ya hapo manyoya meupe utayaona jioni, na siku ya tatu hayapo.

Kuhusu dawa ya kupuliza: ndani ya tangi, hakuna. Nje ya tangi, kwa mti mgumu ulioota doa, unaweza kutumia hidrojeni peroksidi ya asilimia 3, ile ya chupa ya kahawia dukani kwa dawa. Puliza, iache itoe povu dakika 15, sugua, suuza, kausha kwenye oveni kama nilivyosema. Inavunjika kuwa maji na oksijeni, haiachi kitu. Siki nyeupe nayo inasaidia, saa moja kisha suuza. Usivichanganye viwili hivyo, na siki isikutane na dawa ya klorini kamwe, gesi yake inaumiza mapafu ya watu. Klorini kwenye mti siipendekezi: inaung'arisha uso, maji yake yanazama ndani, na mzizi wa ukungu uliobaki unakunywa. Baadhi ya dawa za samaki zina shaba. Zisikaribie.

Rangi nazo zinasema. Manyoya meupe kwenye mti mpya ni hatua ya kawaida, na kaa wakiyanyonyoa hawadhuriki. Kijani kinachotoa vumbi mara nyingi maana yake kuna chakula kilichooza karibu. Toa mti, tafuta chakula hicho. Utelezi wa waridi mara nyingi ni bakteria, dalili ya maji kukaa palepale. Jeusi lililoingia ndani ya nyuzi za mti halisuguliki, na kipande hicho hakitibiki. Mzabibu wako, kwa maelezo yako ya kijani baada ya kuchemshwa mara mbili, utupe. Choya ikate, acha sehemu ngumu tu, uipitishe kwenye oveni na boksi, uirudishe mwezi ujao kama kitafunwa.

Aliyelegea mpe siku tatu za unyevu wa asilimia 80 kabla hujamgusa. Usimwogeshe kwa nguvu na usimhamishe. Akianza kurudi ndani ya kome ukipita karibu, amepata pumzi. Akibaki ananing'inia na harufu ya samaki aliyeoza ikaanza, amekufa. Mtoe siku hiyohiyo, maana mzoga katika joto hilo ni chakula cha ukungu kuliko gogo lolote.